Bingwa aliyelipwa makofi

Mwaka 1958 Althea Gibson alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa mara ya pili mfululizo. Septemba ya mwaka huo akatwaa pia ubingwa wa Marekani, nao kwa mara ya pili mfululizo. Alikuwa na miaka 31, na hapakuwa na mwanamke duniani aliyethubutu kusema anamzidi kwa raketi. Hapohapo akatangaza kwamba anakaa kando ya mashindano. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amechoka. Alikuwa hana fedha.

Jina lake likitajwa leo hutajwa kama la mfungua njia: mchezaji mweusi wa kwanza kushinda taji kubwa la tenisi, miaka kumi na miwili kabla ya Arthur Ashe na zaidi ya miaka arobaini kabla ya Serena na Venus Williams. Yote hayo ni kweli. Tatizo la simulizi hizi ni kwamba hukatika pale kombe linapoinuliwa juu, kana kwamba maisha ya bingwa huishia kwenye picha. Ukiisoma kazi ya Althea mpaka mwisho, utaona jambo ambalo wapenda michezo hatupendi kuambiwa: ushindi wa mtu mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, haubadilishi mfumo. Mfumo hubadilishwa na mkataba, chama na bajeti. Mshindi asiye na vitu hivyo hubaki kuwa pambo la walio navyo.

Alizaliwa Agosti 25, 1927, katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina. Wazazi wake walilima pamba katika shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno, kilimo ambacho mwenye shamba hakosi na mlimaji hamalizi deni. Althea akiwa bado mdogo, familia ilihamia Harlem, New York, kama walivyofanya Wamarekani weusi wengi waliokimbia umaskini na ubaguzi wa Kusini. Mtaa wa 143 walikokaa ulikuwa ukifungwa magari yasipite ili watoto wapate pa kuchezea, mpango uliosimamiwa na chama cha michezo cha polisi wa jiji. Juu ya lami palichorwa mistari ya tenisi ndogo inayochezwa kwa kibao cha mbao. Akiwa na miaka 12 alikuwa bingwa wa jiji wa mchezo huo. Shule aliitoroka, nyumbani alichapwa, na baba yake, aliyeona kwamba binti wa Harlem lazima ajue kujilinda, alimfundisha ngumi.

Aliyekiona kipaji chake alikuwa Buddy Walker, mwanamuziki aliyesimamia michezo ya mtaani wakati wa kiangazi. Ndiye aliyemnunulia raketi ya mtumba. Kisha wanachama wa klabu ya Cosmopolitan, klabu ya weusi wenye nafasi zao hapo Harlem, wakachanga ili Althea apate uanachama na mafunzo ya kocha Fred Johnson, mtu wa mkono mmoja. Mwaka 1946, alipofungwa katika fainali ya chama cha tenisi cha weusi, madaktari wawili waliokuwa wakitazama walimwona tofauti. Wengine waliona binti aliyeshindwa. Wao waliona mtu anayeweza kufika mbali akipata pa kulala, shule na kiwanja. Dakta Hubert Eaton akamchukua nyumbani kwake Wilmington, North Carolina, ambako kulikuwa na kiwanja cha tenisi uani. Wakati wa likizo za kiangazi alikaa kwa Dakta Robert Walter Johnson, Lynchburg, Virginia, mtu yuleyule ambaye miaka michache baadaye angemlea Arthur Ashe. Althea alimaliza sekondari mwaka 1949, akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Florida A&M, chuo cha weusi, akahitimu mwaka 1953.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo hesabu ya kwanza inapoanzia. Nani alimsomesha bingwa wa dunia? Si chama cha tenisi cha Marekani, wala serikali, wala klabu tajiri zenye nyasi zilizokatwa vizuri. Walikuwa mwanamuziki wa mtaani, wanachama wa klabu moja waliotoa mifukoni mwao, na familia mbili za madaktari walioishi chini ya sheria za ubaguzi kama yeye. Alipokuja kushinda, ushindi uliandikwa kwa jina la Marekani. Gharama ilikuwa imeandikwa kwa jina la Harlem, Wilmington na Lynchburg.

Kuanzia mwaka 1947 alikuwa bingwa wa wanawake wa chama cha tenisi cha weusi, taji alilolishika mara kumi mfululizo hadi 1956. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1916 kwa sababu chama kikuu kilikuwa na mlango uliofungwa. Na mlango wenyewe ulijengwa kwa ustadi. Hakuna karatasi iliyotundikwa Forest Hills, uwanja wa mashindano ya taifa huko New York, ikisema mtu mweusi haruhusiwi kucheza. Ilisemwa tu kwamba mchezaji hualikwa baada ya kuonyesha uwezo wake katika mashindano makubwa ya viwanja vya nyasi. Mashindano hayo yalifanyika ndani ya klabu za watu binafsi, na klabu hizo hazikupokea weusi. Kwa hiyo kila aliyeulizwa alikuwa na jibu la kistaarabu: sisi hatumbagui, ila hajacheza mashindano ya kutosha. Ubaguzi wa namna hiyo ni mgumu kuushitaki, maana kila mwenye funguo husema funguo ziko kwa mwingine.

Aliyewaumbua hakuwa mweusi. Julai 1950 Alice Marble, bingwa wa zamani wa Wimbledon na Marekani, aliandika katika jarida la tenisi la nchi hiyo kwamba kama mchezo huu ni wa watu waungwana, basi wakati umefika waungwana waonyeshe uungwana wao. Klabu moja ya New Jersey ilikataa kumpokea Althea hata baada ya hapo. Nyingine ya jimbo hilohilo ikakubali. Agosti 1950 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya taifa ya Forest Hills.

Pambano lake la pili pale bado linasimuliwa. Mpinzani alikuwa Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Brough alichukua seti ya kwanza 6–1, Althea akajibu 6–3, na katika seti ya tatu Althea akawa mbele 7–6. Ndipo mvua kubwa ikashuka. Radi ilipiga jukwaa la uwanja na kuangusha mmoja wa tai wa mawe waliokaa juu ya ukuta. Mchezo ukaahirishwa, Althea akaenda kulala na hofu, na kesho yake Brough akashinda gemu tatu mfululizo na kumaliza 9–7. Waandishi wengi hupenda kumgeuza tai yule kuwa ishara ya mambo kuporomoka. Mimi naona usiku ule wa kusubiri una uzito zaidi. Binti wa miaka 23, aliyezoea kucheza mbele ya watu wa klabu yake, alilala akijua kwamba kesho magazeti ya nchi nzima yatamwangalia yeye peke yake, na kwamba akishindwa watashindwa naye watu wa rangi yake wote. Louise Brough alibeba raketi tu. Althea alibeba raketi na taifa zima la weusi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kusuasua. Alicheza Wimbledon mwaka 1951 na kutolewa mapema. Alifundisha michezo katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Jefferson City, jimbo la Missouri, na kufikia mwaka 1955 alikuwa tayari kuacha tenisi na kujiunga na jeshi, ambako angalau mshahara hutoka mwisho wa mwezi. Kilichomrudisha uwanjani hakikuwa chama cha tenisi. Kilikuwa siasa za dunia.

Agosti 1955, kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi, na picha zake zikaitia Marekani aibu duniani kote. Miezi michache baadaye wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo ikawatuma wachezaji wanne wa tenisi kwenda kucheza michezo ya kirafiki Asia: Burma, India, Pakistani, Ceylon na kwingineko. Mweusi kati yao alikuwa mmoja, Althea. Nchi iliyomzuia asiingie klabu ilimhitaji Rangoon na Delhi kama ushahidi kwamba mambo kwao ni shwari. Yeye hakujitia upofu. Alijua anatumiwa, lakini pia alijua kwamba analipiwa nauli, chakula na hoteli ili acheze tenisi tu. Na mchezaji anayecheza tenisi tu, siku baada ya siku dhidi ya watu wazuri, hukua. Alipotua Ulaya baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Hapa kuna somo ambalo viongozi wa michezo wangepaswa kulikariri: kipaji cha Althea hakikubadilika kati ya 1951 na 1956. Kilichobadilika ni kwamba kuna aliyelipa.

Mavuno yakaja kwa pamoja. Mei 1956 alimfunga Mwingereza Angela Mortimer 6–0, 12–10 na kutwaa ubingwa wa Ufaransa, taji kubwa la kwanza la tenisi kuchukuliwa na mchezaji mweusi. Mwaka huo alicheza wawili wawili na Angela Buxton, Mwingereza wa asili ya Kiyahudi ambaye naye alijua kufungiwa milango ya klabu za London. Wakashinda Paris, wakashinda Wimbledon. Julai 1957 Althea alimshinda Darlene Hard 6–3, 6–2 katika fainali ya Wimbledon, na aliyemkabidhi sahani ya ubingwa alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Aliporudi New York alipitishwa Broadway katika gari la wazi huku karatasi zikimwagwa kutoka maghorofani, heshima ambayo Mmarekani mweusi aliyewahi kuipata kabla yake ni mwanariadha Jesse Owens. Septemba akamshinda Louise Brough, yuleyule wa mwaka ule wa radi, 6–3, 6–2, akapokea kombe la Marekani kutoka kwa Makamu wa Rais Richard Nixon. Mwaka 1958 akayarudia yote mawili. Ukijumlisha mmoja mmoja, wawili wawili na mchanganyiko, alikusanya mataji makubwa 11 katika misimu mitatu.

Lakini wiki hizohizo za shangwe za 1957, alipokwenda kucheza vitongoji vya Chicago, hoteli zilimnyima chumba. Septemba hiyohiyo aliyopokea kombe kwa Nixon, watoto tisa weusi wa Little Rock walizuiwa na askari wenye bunduki kuingia sekondari ya wazungu. Na weusi wenzake hawakumwacha salama. Baadhi ya magazeti ya weusi yalimlaumu kwamba anajisikia, kwamba hasemi vya kutosha kuhusu haki, kwamba hataki kuwa Jackie Robinson wa tenisi. Yeye alijibu kwamba anacheza kwa ajili yake mwenyewe na si mbeba bendera wa mtu.

Sikubaliani naye kikamilifu, maana waliomlea hawakumlea ili awe wake peke yake. Ila namwelewa. Robinson, mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli, alikuwa na mshahara wa timu yake, Brooklyn Dodgers. Alitukanwa na kutishiwa maisha, lakini mwisho wa mwezi alikuwa na cha kumpelekea mkewe. Althea alitakiwa abebe mzigo uleule bila ujira. Kumdai mtu ushujaa ni rahisi. Kumuuliza kodi ya nyumba amelipa kwa fedha gani, hakuna aliyetaka.

Tufike basi kwenye kiini. Tenisi ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa. Wimbledon, Forest Hills, Paris na Australia zilikuwa haramu kwa yeyote aliyepokea malipo. Bingwa alipewa kombe, maua na posho ya safari. Kanuni hiyo ilipambwa kwa maneno matamu: tunacheza kwa mapenzi, fedha huchafua mchezo. Maneno hayo yalitungwa na watu ambao babu zao walikwisha kuwatafutia fedha. Mtoto wa mwenye kiwanda angeweza kucheza kwa mapenzi mpaka azeeke. Binti wa mkulima wa pamba alipocheza kwa mapenzi, mapenzi yalimlaza njaa. Kanuni ile haikutaja rangi ya mtu wala ukoo wake, kama zile za Forest Hills zisivyotaja, na ilifanya kazi ileile.

Tena haikuwa kanuni ya kweli. Kila mtu ndani ya mchezo alijua kwamba wanaume mashuhuri walipewa bahasha chini ya meza ili wakubali kuja kucheza, na wale waliotaka wazi walijiunga na misafara ya kulipwa ya mapromota kama Jack Kramer. Kwa wanawake misafara hiyo ilikuwa karibu haipo. Kichekesho chake kikubwa kilionekana mwaka 1968, mashindano ya Marekani yalipofunguliwa kwa wachezaji wote. Arthur Ashe, kijana wa Dakta Johnson, alishinda, lakini alikuwa bado amesajiliwa kama mchezaji wa ridhaa. Dola 14,000 za mshindi zikaenda kwa aliyefungwa katika fainali, Tom Okker wa Uholanzi. Bingwa aliondoka na posho ya dola 20 kwa siku.

Althea hakuwa na hata hiyo 1968 ya kujifariji. Milango ilipofunguliwa alikuwa amevuka miaka 40. Kwa hiyo tangu 1958 alianza kutafuta riziki kwa kila alichokuwa nacho. Alikuwa na sauti, akarekodi santuri ya nyimbo mwaka 1959. Haikuuzika. Aliigiza kama mtumishi wa ndani katika filamu ya John Ford, The Horse Soldiers, pamoja na John Wayne, na akakataa kutamka Kiingereza cha kuwakejeli weusi kilichoandikwa kwenye maneno yake, wakabadilisha. Alizunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, akicheza tenisi ya maonyesho dhidi ya Karol Fageros juu ya sakafu ya kikapu kabla ya mchezo wenyewe kuanza. Hiyo ndiyo iliyompa fedha nzuri kuliko zote, na alipojaribu kuandaa msafara wake mwenyewe fedha hiyo ikayeyuka. Fikiria: mashindano ya Wimbledon hayakuwa na senti ya kumpa, lakini watu waliokuja kutazama vichekesho vya kikapu walikuwa nayo.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 37, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kujiunga na ligi ya kulipwa ya gofu ya wanawake Marekani. Alicheza zaidi ya mashindano 150 bila kushinda hata moja. Bora yake ilikuwa nafasi ya pili ya pamoja mwaka 1970. Kwingine alikaribishwa kucheza lakini si kuingia jengo la klabu, hivyo alibadili nguo ndani ya gari lake. Bingwa aliyepokea sahani kwa Malkia, akiwa amefika umri wa makamo, akivaa viatu vya gofu kwenye kiti cha gari. Watu husema alikuwa amevunja ukuta wa tenisi. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Yeye alipitishwa kwenye ufa na ufa ukazibwa nyuma yake.

Sasa tazama ni nini hasa kiliuvunja. Mwaka 1970 mashindano ya Los Angeles yalitangaza zawadi ya dola 12,500 kwa bingwa wa wanaume na dola 1,500 kwa bingwa wa wanawake. Wachezaji tisa wa kike, wakiongozwa na Billie Jean King, wakakataa. Septemba mwaka huo walikutana Houston, Texas, na kila mmoja akasaini mkataba wa dola moja na Gladys Heldman, mwenye jarida la tenisi, ili kuanzisha mashindano yao wenyewe. Walitishiwa kufungiwa, na walifungiwa kweli, lakini walikuwa tisa. Mwaka uliofuata Billie Jean King akawa mwanamichezo wa kike wa kwanza kuvuka dola 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1973 likaanzishwa shirikisho la wachezaji wa kike, na mashindano ya wazi ya Marekani yakaanza kulipa wanawake sawa na wanaume. Wimbledon ilishikilia mpaka 2007, Venus Williams akiwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi.

Naweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mataji 11 ya mwanamke mmoja hayakumpa mchezaji mwingine hata mkate. Saini tisa za dola moja ziliwapa riziki wachezaji wa vizazi vilivyofuata. Hii haina maana kwamba Althea alikosea kwa kupigana peke yake. Mwaka 1957 nani angesaini naye? Ila inatuonya tusichanganye kishindo na mabadiliko. Baada ya ubingwa wake wa 1958 ilipita miaka 41 kabla ya mwanamke mwingine Mmarekani mweusi, Serena Williams, kushinda taji kubwa la mmoja mmoja, mwaka 1999. Kama njia ilikuwa imefunguliwa kweli, miaka 41 watu walikuwa wanasubiri nini?

Mwisho wa Althea unajulikana kwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipata kiharusi. Aliishi East Orange, New Jersey, peke yake, akikosa fedha za dawa na kodi. Mwaka 1995 alimpigia simu Angela Buxton, mwenzake wa 1956, akamwambia anaaga, kwani ameamua kujiua. Buxton alimtumia fedha, kisha akapeleka habari katika jarida la tenisi akiomba wapenzi wa mchezo wamsaidie. Barua zilimiminika kutoka nchi mbalimbali. Inatajwa kwamba fedha zilizokuwamo zilifika karibu dola milioni moja. Aliishi mpaka Septemba 28, 2003. Mwaka 2019 sanamu yake ilisimikwa katika viwanja vya mashindano ya Marekani, New York.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Pete alivikwa, na nyingine akavikwa akiwa kaburini. Tunachosahau ni kwamba chanda ni cha mwili, na mwili unakula.

Wapo watakaosema hadithi hii ni ya Marekani ya zamani na haituhusu. Lakini kanuni ya ridhaa ilitufikia sisi wa Afrika Mashariki pia. Mtanzania Filbert Bayi alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 2, 1974, riadha haikumlipa. Kilichomweka mjini ni kwamba alikuwa mwanajeshi. Mkenya Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, alikuwa askari polisi. Kwa kizazi kile, gwanda ndilo lililokuwa mkataba: mshahara, nyumba, matibabu na pensheni. Haukuwa mpango mbaya. Tulipoingia zama za michezo ya kulipwa, wengi wakaliacha gwanda bila kuweka kingine mahali pake. Leo bingwa wetu hupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na matarumbeta, hupigwa picha na wakubwa, huahidiwa, na baada ya hapo mara nyingi huachwa na wakala wake na bahati yake.

Katika tenisi yenyewe tunaye Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi. Julai 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili wa Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kushinda taji la mashindano makubwa katika ngazi yoyote, na baadaye akaleta dhahabu ya michezo ya Afrika kutoka Accra. Alikokwenda kukuzia mchezo wake ni Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa sababu huko chuo humpa mchezaji kocha, kiwanja, mashindano ya kila wiki na shahada mkononi. Ni njia nzuri, na nafurahi kwamba ameipata. Lakini tukubali maana yake: bibi alibeba miaka ya mwanzo, Wamarekani wakabeba inayofuata, nasi tukajitwalia siku ya kushangilia. Ni mgawanyo uleule wa Harlem na Forest Hills.

Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi: nchi zetu zina shule zisizo na madawati, kwa nini fedha ya umma imlipe mpiga tenisi? Jibu langu ni kwamba tayari tunatumia. Tunatumia kwa misafara ya viongozi wanaosindikiza timu, kwa mapokezi, kwa zawadi za papo kwa hapo zinazotangazwa jukwaani bila kuwa katika bajeti yoyote. Sidai fedha zaidi. Nadai zile zile zipangwe: posho ya mazoezi kwa kijana aliyefikia kiwango kinachopimika, bima ya afya inayoendelea miaka kadhaa baada ya kustaafu, sehemu ya zawadi na matangazo inayowekwa akiba kwa jina lake, na chama cha wachezaji wenyewe chenye kiti mezani wakati mikataba inapoandikwa. Hicho cha mwisho ndicho viongozi wa mashirikisho wanachokiogopa zaidi, na ndicho Houston ilichothibitisha kuwa kina kazi kuliko vyote.

Bingwa mwingine atakuja. Afrika Mashariki haijawahi kukosa. Siku hiyo waandishi wa habari tutakuwa pale tukinyoosha vinasa sauti. Tumwache akapumzike na familia yake, na maswali tumuulize waziri na rais wa shirikisho wanaosimama kando yake wakitabasamu. Nani alilipa miaka kumi iliyomfikisha hapa? Akivunjika goti mwezi ujao, nani atalipa hospitali? Akifika miaka 60, atakuwa na pensheni gani, na imeandikwa wapi? Wakiwa na majibu, tuyachapishe ukurasa wa mbele pamoja na kombe. Wasipokuwa nayo, tuchapishe hivyo pia, kesho yake na wiki inayofuata, mpaka aibu iwe kubwa kuliko gharama.